Usanifu: Neno Moja, Fani Mbili

Katika Kiswahili cha leo neno usanifu limebebeshwa mizigo miwili, na aghalabu wabebaji wa mzigo mmoja hawana habari za wenzao. Mwanafunzi wa isimu akilisikia hukumbuka Kiswahili sanifu, Kamati ya Lugha ya mwaka 1930, kamusi, na ugomvi usiokwisha kuhusu tahajia. Mwanafunzi wa uhandisi naye hukumbuka michoro: usanifu wa majengo, na siku hizi usanifu wa tarakilishi, somo ambalo katika shahada ya uzamili huogopwa na wengi na kuchaguliwa na wachache. Ni nadra wawili hawa kukutana. Makala haya yanahusu mahali walipokutana: chumba kimoja cha kupanga karibu na chuo kikuu jijini Nairobi, ambamo waliishi kwa miaka miwili na ushei wanawake wawili, mmoja mhandisi kutoka Kakamega, wa pili mwanaisimu kutoka Lamu.

Mhandisi alikuwa amemaliza shahada ya kwanza katika uhandisi wa umeme, akafanya kazi mwaka mmoja na nusu katika duka la kuuza na kurekebisha tarakilishi, kisha akarudi darasani. Nyumbani habari hizo zilipokelewa kwa furaha iliyochanganyika na mshangao. Kila alipokwenda likizoni shangazi zake walimletea simu zilizopasuka kioo na redio zilizonyamaza, maana kwao msomi wa mashine ni fundi aliyesoma kuliko mafundi wengine. Alizifungua, na baadhi zikapona. Hata hivyo, hakupata njia ya kuwaeleza kuwa somo lake halihusu mashine iliyoharibika, bali mashine ambayo haijazaliwa.

Naam, hapo ndipo shahada ya kwanza na ya uzamili zinapoachana. Katika shahada ya kwanza mwanafunzi hufundishwa jinsi prosesa, yaani kile kiini cha tarakilishi kinachotekeleza amri, inavyofanya kazi: amri huletwa, hufasiriwa, hutekelezwa, na jibu huhifadhiwa. Akiweza kuyaeleza hayo katika mtihani, amefaulu. Katika uzamili swali hugeuka. Mhadhiri haulizi tena mashine inafanya nini. Anauliza kwa nini ilifanywa hivi na haikufanywa vile, nani aliyeamua, kwa ushahidi gani, na uamuzi huo uligharimu nini. Kitabu kinachotawala somo hili duniani, kile cha John Hennessy na David Patterson kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1990, kimejengwa juu ya msimamo huo: asiyepima hana hoja. Mwanafunzi wa fasihi aliyezoea kutetea maoni yake kwa lugha tamu angeliona darasa hilo kuwa kali kupita kiasi. Humo ufasaha haumwokoi mtu.

Majadiliano ya wawili hawa yalianzia kwenye neno lenyewe. Mwanaisimu alitaka kujua ni nani aliyeamua kwamba tarakilishi nayo ina usanifu, kana kwamba ni nyumba. Jibu lipo. Mwezi wa Aprili mwaka 1964 kampuni ya IBM ya Marekani ilitangaza familia ya mashine iliyoitwa System/360, na mwaka huohuo Gene Amdahl, Gerrit Blaauw na Frederick Brooks wakachapisha makala ya kueleza usanifu wake. Kabla ya hapo kampuni hiyohiyo ilikuwa ikiuza mashine za aina mbalimbali zisizosikilizana. Programu iliyoandikwa kwa ajili ya moja haikueleweka na nyingine, na mteja aliyetaka kutoka kwenye mashine ndogo kwenda kwenye kubwa alilazimika kuandika programu zake upya. Wahandisi hao walitenganisha mambo mawili. La kwanza ni sura ya mashine kama anavyoiona mwandishi wa programu: orodha ya amri, namna ya kutaja anwani, ukubwa wa nambari. Hilo wakaliita usanifu. La pili ni jinsi kila mashine inavyozitimiza amri hizo ndani kwa ndani, kwa swichi na nyaya zake. Mashine ya bei nafuu ingezitimiza polepole, ya bei ghali ingezitimiza upesi, lakini zote zingeelewa maneno yaleyale.

Mwanaisimu alicheka aliposikia hayo. "Kumbe mlikuwa na lahaja," akasema, "mkaitisha mkutano."

Mzaha huo ulikuwa na uzito kuliko alivyodhamiria mwenyewe. Mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa, ilikubaliwa kuwa Kiunguja kiwe msingi wa lugha ya shule na vitabu, na tarehe 1 Januari 1930 Kamati ya Lugha ikaanza kazi yake. Kimvita kilishindwa kikiwa mjini kwake. Kiamu, lahaja ya mama yake mwanaisimu, ambayo washairi wa Lamu na Pate walikuwa wakiitungia tenzi muda mrefu kabla ya shule ya mkoloni, nacho hakikuchaguliwa. Kiunguja hakikupewa nafasi hiyo kwa kuwa kilikuwa kitamu kuliko vyote. Kilipewa kwa sababu misafara ya biashara ilikuwa imekwisha kukitembeza bara, na waliokuwa wakikisikia walikuwa wengi.

Mhandisi aliona mara moja kwamba hadithi hiyo anaijua. Mwaka 1978 kampuni ya Intel ilitoa prosesa iliyoitwa 8086, ambayo orodha yake ya amri wahandisi wengi waliiona kuwa ya kuungaunga, ilhali ilikuwapo miundo mingine iliyonyooka zaidi. Mwaka 1981 IBM ikaiteua ndugu yake wa bei nafuu, 8088, iwe kiini cha tarakilishi yake ya mezani. Programu zikaandikwa kwa lahaja hiyo, wanunuzi wakazifuata programu, na waandishi wa programu wakawafuata wanunuzi. Orodha hiyo imeongezwa mara nyingi tangu hapo, lakini haikuvunjwa. Prosesa za Intel na AMD za karne hii zimeendelea kubeba ndani yake amri za 8086, kama vile lugha ibebavyo ngeli ambazo hakuna anayekumbuka zilianza vipi.

"Basi na nyinyi mna wazee wenu waliomezwa," akasema mwanaisimu.

"Wengi," akajibu mwenzake. "Nasi tunawasoma makaburini mwao. Ndiyo silabasi yenyewe hiyo."

Jibu hilo halikuwa la mzaha. Sehemu kubwa ya somo la usanifu wa tarakilishi katika uzamili ni kusoma makala za zamani za mashine zilizokufa, na kuuliza zilikufa kwa kosa gani au kwa bahati gani mbaya. Wanafunzi wengi huliona jambo hilo kuwa la kupoteza wakati, hasa katika fani ambayo kila mwaka hutangaza kitu kipya. Walakini mawazo mengi yanayotangazwa kuwa mapya yalikuwa yamekwisha kuandikwa katika miaka ya 1960, yakasubiri tu transista za kutosha.

Jambo lililowachukulia jioni nyingi zaidi lilikuwa lile la kungoja. Prosesa za siku hizi hupiga mizunguko bilioni 3 au zaidi kwa sekunde moja. Ili mwenzake aipate maana yake, mhandisi alimwomba aufikirie mzunguko mmoja kuwa ni sekunde moja nzima. Kwa kipimo hicho, kujumlisha nambari mbili huchukua sekunde moja. Kwenda kuichukua nambari katika kumbukumbu kuu, ambayo iko umbali wa sentimita chache tu kwenye ubao uleule, huchukua dakika nne au tano. Kuifuata katika diski ile ya kuzunguka huchukua miezi, pengine karibu mwaka mzima. Mwaka 1995 William Wulf na Sally McKee walichapisha makala fupi wakionya kuwa pengo kati ya prosesa na kumbukumbu lilikuwa likipanuka mwaka hata mwaka, na kwamba prosesa zilikuwa zikielekea kugonga ukuta. Kuongeza kasi ya prosesa inayongoja ni sawa na kumwajiri mpishi hodari kisha kumtuma unga ng'ambo.

Dawa ya ukuta huo ilivumbuliwa kabla ya onyo lenyewe. Ni kuweka karibu kabisa na prosesa kijighala kidogo chenye kasi kubwa, cha kuhifadhia vile vitu vichache vinavyotumiwa mara kwa mara. Mwaka 1965 Maurice Wilkes wa Cambridge alikieleza kijighala hicho katika makala yake na kukiita kumbukumbu mtumwa. Mwanaisimu alipoambiwa jina hilo aliweka kikombe chake chini. Akasema kuwa hilo ni jina la mtu aliyekulia mbali na Pwani, na kuwa Lamu lisingepita. Kwa bahati jina hilo halikudumu hata kwa wenyewe. IBM walipotangaza mashine yao ya kwanza ya kuuza yenye kijighala hicho, mwaka 1968, walikuwa wamechagua neno jingine lenye asili ya Kifaransa, na ndilo linalotumiwa hadi leo.

Ikabaki kazi ya kulipatia Kiswahili neno lake. Mhandisi alikuwa na mapendekezo mawili, akiba na ghala, na yote mawili yalikataliwa. Akiba, alisema mwanaisimu, ni kitu cha kesho. Ghala ni kubwa na liko mbali. Siku ya tatu alirudi kutoka maktabani na neno ambalo alikuwa nalo tangu utotoni. "Kibindo," akasema. "Baharia hendi benki kutafuta fedha ya samaki. Huwa kibindoni, kwenye mkunjo wa kikoi chake. Ni kidogo, kiko kiunoni, na mkono hukifikia bila ya jicho kutazama." Mhandisi aliyaandika maneno hayo kwenye karatasi na kuibandika karatasi hiyo nyuma ya mlango. Kuanzia siku hiyo prosesa zote zilizotajwa chumbani humo zilikuwa na vibindo, tena vya ngazi tatu: cha kwanza kidogo na chepesi, cha pili na cha tatu vikubwa na vizito zaidi.

Yamkini msomaji atauliza ni kwa nini mhandisi ajisumbue na haya, ilhali darasani mwake, maabarani na katika tasnifu alitakiwa kutumia Kiingereza. Sababu aliyoitoa ilikuwa ya kiutafiti zaidi kuliko ya kizalendo. Kiingereza chake cha usanifu kilikuwa kimekuja kikiwa kimekwisha kufungwa. Aliweza kutamka istilahi kumi katika sentensi moja na kumridhisha kila mtu, pamoja na nafsi yake, bila ya kuona ndani yake. Kiswahili hakikumpa maficho hayo. Alipoulizwa na mtu asiyejua transista ni nini, ilimbidi avunje kila neno na kutazama kilichomo, na mara mbili tatu alikuta hamna kitu.

Mathalani, mpango wa kufanya kazi kwa msururu aliufahamu vyema aliposaidia kupika chapati za harusi ya binamu yake. Mwanamke mmoja alikanda, wa pili alikata madonge, wa tatu alisukuma, wa nne alichoma. Chapati moja ilichukua muda uleule ambao ingechukua kama angeipika mtu mmoja, lakini kila dakika chapati iliyoiva ilitoka jikoni. Prosesa nayo hufanya vivyo hivyo. Amri ya kwanza ikiwa inatekelezwa, ya pili inafasiriwa na ya tatu inaletwa. Taabu huja kwenye njia panda. Programu imejaa maamuzi ya ikiwa hivi fanya hivi, la sivyo fanya vile, na mletaji wa amri hawezi kujua alete za upande gani hadi uamuzi ufikie mwisho wa msururu. Akingoja, wote jikoni wanakaa bure. Hivyo hangoji. Anakisia.

Kukisia huku ndiko moyo wa prosesa za kisasa, na kulielezwa vizuri na mama mmoja mwenye kibanda cha chai nje ya lango la chuo bila ya yeye kujua. Alikuwa akimwona mhandisi kwa mbali, huanza kumimina chai ya maziwa na kuweka maandazi mawili kwenye sahani. Mara nyingi alikuwa sahihi. Siku ambayo mteja alitaka chai ya rangi, kikombe kile kilimwagwa na kingine kikamiminwa, na hasara ilikuwa ndogo ikilinganishwa na muda uliookolewa siku nyingine zote. Prosesa hufanya makisio ya namna hiyo mamilioni ya mara kwa sekunde na hupatia zaidi ya tisa katika kila kumi. Wanaotunga njia za kukisia wamefanya kazi hiyo kwa miongo kadhaa, na kila asilimia moja wanayoiongeza hugombewa.

Halafu ikaja Januari ya mwaka 2018. Watafiti walitangaza udhaifu wa aina mbili uliopewa majina ya Meltdown na Spectre, na wengi waliolisoma somo hili wakagundua kuwa kwa miaka 20 hivi walikuwa wamelitazama jambo bila ya kuliona. Kila mtu alijua kuwa kisio likikosewa kazi yake hutupwa. Kilichosahauliwa ni kwamba kikombe kilichomwagwa huacha joto mezani. Jasusi aliyeketi pembeni akiipapasa meza atajua kilipowekwa kikombe, na kwa hivyo atajua kilichokuwa kikitayarishwa. Joto hilo ni vibindo: data iliyoletwa kwa kisio la makosa hubaki kibindoni hata baada ya kisio kufutwa, na programu ya mwizi inaweza kupima ni ipi inapatikana upesi na ipi inachelewa, ikasoma siri isiyo yake. Mhadhiri wa darasa la mhandisi alilitumia juma zima kwa jambo hili moja. Kwa maoni ya wanafunzi wake lilikuwa juma bora la muhula, kwa kuwa walielewa kuwa fani yao haikumalizika.

Swali la mwanaisimu lilikuwa la ukatili zaidi. Je, mtu wa Kakamega aliyeko Nairobi ana nafasi gani katika kazi ya kuzisanifu prosesa? Viwanda vikubwa vya kuzichapa kwenye silikoni viko Taiwan, Korea Kusini, Marekani. Kimoja hugharimu mabilioni mengi ya dola. Huko Nyeri, katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kuna kiwanda kidogo cha teknolojia ya semikondakta, na kuwapo kwake si jambo la kudharauliwa, lakini safari ni ndefu. Anayesomea ujenzi wa merikebu lazima aulizwe bahari iko wapi.

Mhandisi alijibu kwa kisa cha darasa. Mwaka 1980, katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, David Patterson na Carlo Séquin walianza mfululizo wa kozi za uzamili ambazo wanafunzi walitakiwa kusanifu prosesa. Hawakuwa na kiwanda. Walichokuwa nacho ni vipimo. Watafiti waliokuwa wamezichunguza programu halisi walikuta kuwa ingawa prosesa za wakati huo zilijaza orodha zao amri nyingi za kifahari, programu zilitumia zaidi amri chache na nyepesi. (Aliyewahi kuhesabu maneno katika matini yoyote ya Kiswahili hatashangaa, na, ya, wa na kwa hufanya kazi ambayo misamiati mizito haifanyi.) Darasa hilo likaamua kuziacha amri za kifahari. Mwaka 1982 prosesa yao, RISC-I, ilikuwa na transista 44,420 na amri 32 tu, nayo ikazishinda zilizokuwa ngumu kuliko yenyewe. Tasnifu ya mmojawapo wa wanafunzi hao, Manolis Katevenis, ikatuzwa na chama cha wanatarakilishi cha Marekani. Hennessy alikuwa akifanya jambo kama hilo na wanafunzi wake Stanford, na hatimaye yeye na Patterson wakapewa kwa pamoja Tuzo ya Turing ya mwaka 2017.

Kisa hicho hakikuishia Marekani. Huko Cambridge, Uingereza, Sophie Wilson na Steve Furber wa kampuni ndogo ya Acorn walizisoma makala za Berkeley, wakaona kuwa ikiwa wanafunzi wanaweza, nao wanaweza. Prosesa yao ya kwanza ya ARM ilifanya kazi mwezi wa Aprili 1985. Kizazi chake ndicho kilichoenea katika simu za mkononi, zikiwamo zile ambazo Wakenya walianza kutumiana pesa kwazo M-Pesa ilipozinduliwa mwaka 2007. Zile simu za shangazi zenye vioo vilivyopasuka, kwa namna fulani, zilikuwa na nasaba ya darasa la uzamili.

Aidha, mwaka 2010, palepale Berkeley, Krste Asanović na wanafunzi wawili wa uzamifu, Andrew Waterman na Yunsup Lee, walianza kutunga orodha mpya ya amri kwa ajili ya mradi wao wa majira ya kiangazi. Waliiita RISC-V na kuitoa bure kwa yeyote. Kabla ya hapo, aliyetaka kujenga prosesa inayoelewa lahaja ya ARM au ya Intel alihitaji leseni, na leseni ya Intel ilikuwa haipatikani kwa kila ajaye. Sanifu hii mpya haina mwenye mali. Mwanaisimu aliposikia hilo alinyamaza kidogo, kisha akasema kuwa hata Kamati ya mwaka 1930 haikufikia hapo. Vitabu vilihitaji idhini yake.

Basi mhandisi alifanya utafiti wake kwa RISC-V, na kwa kuwa hakuwa na silikoni alifanya kama wafanyavyo wengi katika fani hii, wakiwamo walio karibu na viwanda: aliandika prosesa yake ndani ya programu ya kuigiza. Mada yake ilikuwa namna ya kukisia data itakayohitajika baadaye na kuileta kibindoni mapema, kabla haijaitishwa. Kuigiza ni kazi ya subira. Programu ya kuigiza hufuatilia kila mzunguko wa prosesa ya kubuni, kiasi kwamba sekunde moja ya kazi ya mashine halisi inaweza kula saa nyingi, pengine siku na zaidi. Umeme ukipotea usiku wa manane, na mtaani hapo ulipotea mara nyingi, kazi ya siku mbili iliondoka nao. Alijifunza kuhifadhi hali ya mashine kila baada ya saa moja. Alijifunza pia kulala huku feni ya tarakilishi ikivuma kichwani mwake, na mwanaisimu akajifunza hilo bila ya kupenda.

Matokeo yalikuja mwezi wa Februari, majuma saba kabla ya tarehe ya kuwasilisha tasnifu na karo ikiwa imelipwa hadi muhula huo tu. Kati ya programu 12 za majaribio, nyingi zilienda kasi zaidi kwa asilimia chache. Tatu hazikubadilika. Mbili zilirudi nyuma, na mojawapo ilirudi nyuma sana. Wastani wa zote ulikuwa mdogo hata ukaonekana kama kelele.

Mwanafunzi mwenzake wa maabara alimshauri kwa nia njema aziache mbili hizo. Hakuna anayelazimishwa kutumia programu 12, alisema. Kumi ni nambari nzuri vilevile. Ushauri huo si wa ajabu katika fani hii. Tayari mwaka 1986 makala ilichapishwa katika jarida la chama cha wanatarakilishi kuonya jinsi wastani usiofaa unavyoweza kuifanya mashine yoyote ionekane mshindi, na njia ya kuchagua programu zinazokupendelea ni ya zamani kuliko hapo. Mhandisi hakulala vizuri siku tatu. Alimwonyesha mwanaisimu majedwali mawili, lenye 12 na lenye 10, bila ya kusema lolote. Mwanaisimu hakuwa na ujuzi wa kuyasoma, lakini aliuliza swali ambalo mwanaisimu huuliza akiona kanuni yenye mapungufu: "Mbili hizi zina nini ambacho nyingine hazina?"

Zilikuwa na kitu. Programu zile kumi zilizisoma data zao kwa mpangilio, kama mtu anayesoma ukurasa kuanzia juu hadi chini. Mbili zile zilifuata minyororo: kila kipande cha data kilitaja mahali kilipo kinachofuata, na mahali hapo palikuwa popote pale kumbukumbuni. Makisio ya mhandisi hayakuweza kuona hilo. Yalileta vitu visivyohitajika, yakavijaza kibindoni, na vilivyohitajika vikasukumwa nje. Sura ya nne ya tasnifu, ambayo awali ilikuwa na kurasa sita za sifa, iliandikwa upya kuwa kurasa 31 kuhusu kushindwa huko, pamoja na njia rahisi ya kuifanya prosesa itambue inapokisia vibaya na kuacha kukisia.

Hata baada ya marekebisho hayo faida haikuwa kubwa. Sababu yake ilielezwa na Amdahl mwaka 1967: kasi unayoiongeza katika sehemu moja ya kazi haiwezi kuipita sehemu usiyoigusa. Anayesafiri kutoka katikati ya Nairobi hadi katikati ya Mombasa kwa reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017 analijua hilo. Treni hata ingeruka kwa kufumba na kufumbua, bado kuna foleni ya magari hadi Syokimau na matatu ya kutoka Miritini. Mfano huu aliutoa mbele ya watahini wake. Mmoja wao, ambaye alikuwa amesafiri kutoka Mombasa asubuhi hiyohiyo, aliupokea kwa hisia. Hata hivyo alimsumbua kwa saa nzima kuhusu ile sura ya nne, ukurasa kwa ukurasa, na za sifa hakuziuliza hata moja. Alipita, akiwa na masahihisho madogo.

Miezi miwili baadaye mhandisi aliondoka kwenda kufundisha katika chuo kingine, naye mwanaisimu akabaki akimalizia tasnifu yake mwenyewe kuhusu uundaji wa istilahi. Ile karatasi ilibaki nyuma ya mlango, ikiwa na maneno 43. Kibindo kilikuwa cha kwanza. Mkabala wa kile kitendo cha prosesa cha kufanya kazi kabla ya kujua kama itahitajika palikuwa na nafasi iliyojaa alama za kufuta. Ubashiri uliandikwa ukafutwa, kwa kuwa una harufu ya unabii. Kubahatisha kulifutwa kwa kuwa ni kwa kamari. Ramli iliandikwa usiku mmoja kwa kicheko na kufutwa asubuhi. Neno la mwisho, kutanguliza, limeandikwa kwa penseli, na mbele yake mwanaisimu ameweka alama ya kuuliza.